Kinachotoka Lazima Kirudi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mkalimani katika wodi ya watoto wenye saratani, juu ya kilima cha Mulago, Kampala. Madaktari na wauguzi walizungumza Kiingereza na Kiganda. Akina mama wengi niliokaa nao walitoka Kivu na Ituri, huko Kongo, wengine wamevuka moja kwa moja pale Bunagana, wengine wametokea makambi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, na lugha waliyoweza kujieleza kwayo mbele ya mgeni ilikuwa Kiswahili. Daktari akisema, nami niseme. Mama akiuliza, nami niulize. Sikuwa na elimu ya tiba, lakini huwezi kumweleza mzazi jambo ambalo wewe mwenyewe hulioni. Ilinibidi nijifunze, na nililojifunza kwa bidii kuliko mengine yote ni mfumo wa limfu.

Naandika kumbukumbu hizi kwa sababu naamini mfumo huu unastahili kujulikana na kila mzazi wa Afrika Mashariki, kama anavyoijua malaria. Moyo tunaujua, tunausikia ukidunda. Mapafu tunayajua kwa pumzi. Figo na ini tunavitaja tunapoumwa. Limfu hufanya kazi yake usiku na mchana bila sauti, na siku inapokwama huwa na njia moja kubwa ya kujionyesha: uvimbe. Mtu asiyejua maana ya uvimbe huutafutia maana nyingine, na katika kuitafuta hupoteza muda.

Uvimbe wa namna hiyo niliuona mara ya kwanza utotoni. Nimezaliwa Pangani, katika pwani ya Tanga, na mtaani kwetu walikuwapo wazee wenye matende na wengine wenye mabusha. Jirani yetu mmoja, tuliyemwita Babu, alikuwa na mguu wa kushoto uliojaa tangu goti hadi vidole, ngozi yake ngumu na yenye mikunjo. Alishinda barazani akishona nyavu za wenzake, mguu ameulaza juu ya kigoda. Tukipita kwenda chuoni tulimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa uchangamfu ambao sijausahau. Wakubwa walisema kwa sauti ya chini kwamba alikanyaga uchawi aliotegewa mtu mwingine.

Watumishi wa afya walipokuja kuchukua damu, walikuja usiku na taa zao, wakawatoboa vidole watu waliokwisha kulala. Nilipouliza kwa nini hawaji mchana kama watu wengine, niliambiwa nilale. Jibu nililipata ukubwani. Minyoo inayosababisha matende, ambayo kwetu pwani huenezwa na mbu, hukaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka, na vijiminyoo wanaozaliwa humo huingia katika damu usiku, saa zilezile mbu wanapouma. Mchana damu ya mgonjwa yuleyule inaweza kuonekana haina kitu. Wakati huohuo minyoo mikubwa huipanua na kuiharibu mishipa, maji yanakosa pa kupita, mguu unajaa, ngozi inapasuka, vijidudu vinaingia, homa inapanda, na kila homa huuacha mguu mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa. Babu hakukanyaga uchawi wa mtu. Aliumwa na mbu, mara nyingi, kwa miaka mingi, katika mji wa pwani.

Mulago niliukuta uvimbe mwingine. Ulikuwa kwenye taya. Mtoto wa miaka mitano au sita, shavu moja limetoka nje, meno yamelegea na kusukumwa kila upande, na pengine jicho limeinuliwa kutoka mahali pake. Wengine uvimbe ulikuwa tumboni, umejificha, mama akidhani ni minyoo au bandama. Mama wa kwanza niliyemtafsiria, mwanamke wa Butembo aliyembeba mwanawe mgongoni ingawa alikwisha kuwa mkubwa wa kutembea, aliniuliza, "Dada, ni meno njo ilileta hii kitu?" Nyumbani walikuwa wamekwisha kumng'oa mtoto meno mawili. Nilimpelekea daktari swali lake. Daktari akajibu kwamba meno hayana hatia; ugonjwa umeanza katika chembe za limfu.

Mama aliniangalia akingoja niendelee, nami sikuwa na la kuendeleza. Limfu ni nini? Iko wapi? Inafanya nini mwilini mwa mtoto?

Aliyenifungulia jambo hili ni sista mmoja wa wodi, mwanamke wa Masaka aliyekaribia kustaafu. Wodi ilipotulia baada ya chakula cha mchana, alinivutia kiti karibu na meza ya dawa na kuanza mwanzo. Moyo, alisema, husukuma damu mpaka kwenye mishipa midogo kuliko yote, kapilari, ambayo kuta zake zinapenyeka. Humo, maji yenye chumvi, sukari na protini kidogo huvuja kwenda nje na kuzizunguka seli. Kuvuja huko ndiko kulisha. Seli ya kwenye kidole cha mguu haina njia nyingine ya kupata riziki yake. Lakini kilichotoka lazima kirudi. Kiasi cha lita 3 hivi kila siku huokotwa na mishipa ya limfu na kurudishwa katika damu, pamoja na protini ambazo zikishatoka haziwezi kurudi kwa mlango ziliotokea. Maji ya damu ya mtu mzima, ukiziweka kando chembe zake, nayo ni kama lita 3. Kwa hiyo kazi hii ikisimama kabisa, mtu hamalizi siku mbili.

Mfano alionitolea ulikuwa mfereji wa Nakivubo. Kila mkazi wa Kampala anaujua. Mvua ikipiga vilimani, maji hushuka kwa vijito visivyo na majina, hukusanyika katika mfereji ule, hupita katika kinamasi cha mafunjo kinachochuja uchafu, kisha huingia Ziwa Victoria, ambako yatapanda tena kuwa mawingu. Mfereji ukizibwa na chupa na mifuko, mji unafurika mvua ikiwa bado haijakatika. Vijito vile, alisema sista, ndivyo mishipa midogo ya limfu. Vinamasi ndivyo tezi. Ziwa ndilo damu. Nilimpa mfano huo mama wa Butembo, ambaye alikuwa ameuona mfereji ule akipita na matatu, naye akatikisa kichwa akaukubali.

Baadaye nilizidi kujifunza, kwa kuwauliza madaktari na kusoma nilichoweza. Mishipa ya limfu huanzia karibu kila mahali penye nyama na ngozi, myembamba na iliyozibwa ncha, kisha huungana na kupanuka. Inayotoka miguuni, tumboni, na upande wote wa kushoto wa kifua, mkono na kichwa huishia katika mshipa mkuu mmoja unaopanda mbele ya uti wa mgongo hadi nyuma ya mtulinga wa kushoto, na hapo limfu humwagika katika mshipa mkubwa wa damu. Upande wa kulia wa kichwa, kifua na mkono una mlango wake, nyuma ya mtulinga wa kulia. Utumbo nao huipa limfu mafuta ya chakula, ndiyo maana baada ya mlo wenye mafuta limfu inayotoka tumboni huwa nyeupe kama maziwa. Ni weupe huo uliomwezesha daktari wa Kiitalia, Gaspare Aselli, kuiona mishipa hii mwaka 1622, alipompasua mbwa aliyekuwa ametoka kula.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba mfumo huu hauna moyo wake. Damu ina pampu. Limfu haina kiungo cha namna hiyo. Mishipa yake mikubwa hujibana yenyewe polepole, na msukumo mwingine hutokana na mambo tunayoyafanya bila kuwaza: misuli ya shavu la mguu ikikaza tunapotembea, kifua kikipanuka tunapovuta pumzi, mishipa ya damu ikipigapiga kando yake. Ndani ya mishipa kuna vali ndogo zinazofunguka upande mmoja tu, hivi kwamba kila tone likipanda halirudi chini. Ndiyo maana mtu anayekaa siku nzima kwenye basi la Nairobi hushuka Kampala viatu vikimbana.

Njiani limfu hupita kwenye tezi, kama 600 hivi mwilini, nyingi zikiwa shingoni, kwapani, kinenani na tumboni. Humo ndimo chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti hukagua kila kinacholetwa. Mtoto akijikwaa na kidonda cha mguu kikaingia vijidudu, limfu huvibeba hadi kinenani, limfosaiti zinazovitambua huongezeka kwa maelfu, tezi inavimba na kuuma, na bibi anasema mtoto ameshikwa na mtoki. Bibi yuko sahihi. Mtoki ni kazi inayofanyika. Mafindofindo ya kooni ni ndugu yake. Bandama hufanya kazi ya namna hiyo kwa damu yenyewe, na ndiyo maana huvimba kwa mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara. Uvimbe wa aina hii unauma, unakuja haraka, na kidonda kikipona nao hupungua.

Wa taya haukuwa hivyo. Haukuuma mwanzoni na haukupungua. Ulikua.

Historia ya uvimbe ule ilianzia palepale tulipokuwa tumekaa. Mwaka 1957, daktari Hugh Trowell, aliyejulikana kwa kazi yake juu ya utapiamlo wa kwashakoo, alimwita mpasuaji Denis Burkitt amwangalie mtoto wa miaka mitano katika wodi ya Mulago. Taya zote mbili zilikuwa zimevimba, kushoto na kulia, juu na chini. Burkitt alikuwa mzaliwa wa Ireland, alipoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka 11, na alikuwa amefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946. Hakuweza kueleza alichokiona. Wiki chache baadaye alikwenda hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto wa kike amekaa na mamaye kwenye nyasi, uso wake ukiwa na uvimbe uleule. Alitoka nje kumwangalia, na tumboni akakuta uvimbe mwingine.

Mmoja angeweza kuwa ajabu. Wawili walimfanya aanze kutafuta. Alipekua kumbukumbu za hospitali, akagundua kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo, uliokuwa ukiandikwa kila mmoja kwa jina lake, mara nyingi ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Wataalamu wa maabara pale Mulago walionyesha kwamba chimbuko lake ni limfosaiti, na ugonjwa ukaja kuitwa limfoma ya Burkitt. Alituma maswali na picha kwa hospitali nyingi za Afrika: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Kisha, mwezi wa Oktoba mwaka 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu Kampala wakaelekea kusini. Walisafiri wiki kumi, kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Walichokipata ni ramani: ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na karibu na ikweta hauonekani sana juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ilikuwa ni ramani ya mbu na malaria.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, na tangu hapo vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda vikawa vinasafirishwa kwa ndege hadi maabara yake. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Mwezi wa Desemba mwaka 1963 ndege ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaenda Manchester, na kipande kikafika kikiwa kimechelewa na maji yake yamekuwa machafu. Badala ya kuyamwaga, waliyatazama kwa darubini, wakakuta seli hai za uvimbe zinaelea. Waliziotesha, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Nilipomweleza mama mmoja kwamba kirusi hicho karibu kila mtu anacho, aliuliza swali ambalo naamini ndilo la maana kuliko yote: kwa nini basi mtoto wake, na siyo wa jirani? Daktari alikaa kwenye kitanda cha mtoto ili ajibu vizuri. Kirusi cha Epstein na Barr huenea kwa mate, na katika nchi zetu watoto wengi hukipata wangali wadogo. Hujificha ndani ya limfosaiti na kwa walio wengi hakileti dhara lolote. Malaria inayorudiarudia huzilazimisha limfosaiti kugawanyika bila kupumzika. Katika kugawanyika, chembe hizi hukata na kuunga upya sehemu za jeni zao ili zitengeneze kinga mpya. Mara chache sana sehemu moja huungwa mahali pasipo pake, na kipande kinachoamrisha seli kukua hubaki kimewashwa. Seli moja ikipata kosa hilo inatosha. Hakuna chakula alichomnyima mtoto kilicholeta hili, daktari alisema, wala hakuna jirani aliyelileta. Nilitafsiri maneno hayo polepole, nikamwona mama akiinua kichwa. Maelezo ya kweli humwondolea mzazi mzigo ambao hakupaswa kuubeba.

Uvimbe huu ni miongoni mwa uvimbe wa binadamu unaokua kwa kasi kuliko wote. Unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Nimemwona mtoto aliyeingia Jumatatu akitafuna muhogo, na Ijumaa hawezi kufunga mdomo. Lakini kasi hiyohiyo ndiyo inayoufanya uyeyuke kwa dawa, kwa sababu dawa za saratani huzikamata zaidi seli zinazogawanyika. Burkitt na wenzake waliona hivyo mapema katika miaka ya 1960: kwa watoto kadhaa, dozi chache tu za siklofosfamidi au methotreksati ziliondoa uvimbe, na baadhi yao hawakuugua tena. Wakati huo wataalamu wengi duniani hawakuamini kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa pekee.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kikafunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, kikiongozwa na John Ziegler. Ndicho kilichokuja kuwa Uganda Cancer Institute. Mwaka 1972 kazi ya Kampala ilitambuliwa kwa tuzo ya Lasker huko Marekani. Ulikuwa pia mwaka ambao Idi Amin aliwafukuza Waasia na wageni wakaanza kuondoka. Waganda walibaki. Charles Olweny, daktari kijana wa nyumbani, aliushika uongozi na kuendelea kutibu na kutafiti katika miaka ambayo dawa zilikuwa adimu na maisha hayakuwa na uhakika. Kila nilipopita mlango wa wodi niliwaza kwamba watoto niliowahudumia walikuwa wakitibiwa kwa elimu iliyotokana na watoto wa Uganda, waliotoa vipande vya miili yao vikaenda London, na faida yake ikapata pa kurudi kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kuifunga milango.

Nimewaona watoto wakipona. Siku chache baada ya dripu ya kwanza, uso uliopinda huanza kujinyoosha. Siku hizo wauguzi huwa wakali kuhusu maji. Seli za uvimbe zikifa kwa wingi mara moja, mabaki yake yote huingia katika damu na huweza kuziziba figo. Mtoto lazima apewe maji mengi, na mkojo wake upimwe. Akina mama walikaa na jagi za plastiki wakipima na kuandika, hata wale wasiojua kusoma, kwa kuweka alama moja kwa kila jagi. Niliwatafsiria sababu yake, nao walilinda jagi zile kwa wivu. Sijaona wauguzi waangalifu kuliko akina mama walioelezwa kwa nini.

Lakini kupona kwa macho siko kupona. Uvimbe ukishatoweka usoni, seli chache hubaki mahali ambapo jicho halifiki, pengine katika maji yanayozunguka ubongo, na ndiyo maana dawa hurudiwa kwa mizunguko, nyingine ikidungwa uti wa mgongo. Hapa ndipo nilipoona huzuni kubwa kuliko zote. Alikuwapo mtoto wa kambi ya Kyangwali, mcheshi, aliyewaigiza madaktari wote wanavyotembea. Baada ya mzunguko wa kwanza uso wake ulikuwa mzuri kama wa watoto wengine. Nyumbani kulikuwa na ndugu zake wadogo waliobaki na jirani, shamba lilikuwa halijapaliliwa, na nauli ya kurudi ilikuwa ya kukopa. Mama aliondoka akiahidi kurudi. Alirudi kweli, lakini msimu ulikuwa umekwisha kupita, na mtoto alirudi amebebwa. Tulimzika Kampala.

Sikumlaumu mama yule na simlaumu leo. Alikuwa na watoto wengine, na mbele ya macho yake mtoto huyu alikuwa mzima. Kilichokosekana hakikuwa upendo. Zilikosekana nauli, mtu wa kukaa na wadogo, na simu ya kumkumbusha tarehe. Tangu siku hiyo nilianza kuuona mfumo wa limfu kwa namna nyingine. Mwili hauoni aibu kuvuja, kwa kuwa umejiwekea njia ya kurudisha. Ugonjwa huja njia hiyo inapokatika. Tiba nayo iko hivyohivyo. Hospitali inaweza kuwa na dawa, daktari na kitanda, lakini kama hakuna kinachomrudisha mgonjwa kwa mzunguko wa pili, wa tatu na wa nne, dawa ya kwanza imemwagika bure.

Somo hilohilo nililiona ndani ya familia. Wifi yangu alipasuliwa saratani ya titi, na tezi za kwapa zikaondolewa ili kujua kama ugonjwa umefika huko na kuuzuia usiendelee, kwa sababu limfu ya titi hupita kwapani kwanza. Saratani haikurudi. Miezi kadhaa baadaye mkono wa upande ule ukaanza kuwa mzito, pete ikambana, mkono wa gauni ukakataa kupita. Alidhani saratani imerudi, akawa halali usiku. Mtaalamu wa mazoezi alimweleza kwamba njia za limfu zimepungua, na zilizobaki zinahitaji msaada: bandeji maalumu ya kubana, mazoezi mepesi kila siku, mkono uinuliwe anapopumzika, ngozi ilindwe isichanike, na vipimo vya presha vichukuliwe mkono mwingine. Mkono haukurudi kuwa kama ulivyokuwa, lakini anamenya matoke, anabeba wajukuu, na hana hofu. Mambo hayohayo, maji na sabuni, kukausha katikati ya vidole, viatu, kuinua mguu na kuutembeza, yangempunguzia Babu wa Pangani maumivu ya miaka mingi. Na viatu ni kinga kubwa kwa watu wa Kamwenge na miteremko ya Mlima Elgon, ambako miguu huvimba bila mnyoo wowote, kwa sababu tu ya kukanyaga peku udongo wa volkano ambao chembe zake hupenya ngozi na kuiumiza mishipa ya limfu.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyoyatoa Mulago, nami nayasema kwa msisitizo. Tezi iliyovimba pamoja na kidonda au koo, inayouma na kupungua kidonda kinapopona, ni mwili unaofanya kazi yake. Tezi ngumu isiyouma, inayoendelea kukua, au iliyokaa wiki kadhaa bila sababu, ipelekwe kwa daktari. Mtoto ambaye taya linavimba au meno yanalegea kabla ya wakati wake, au tumbo linajaa, asipelekwe kung'olewa meno wala kuchanjwa chale. Apelekwe hospitali kubwa wiki hiyohiyo, kwa sababu uvimbe ule hauwezi kungoja mwezi wa mavuno. Mguu au mkono uliojaa si laana. Una sababu, na una matunzo.

Na kwa sisi tusio wagonjwa kuna kazi. Uganda, kijana akitaka kuoa, kamati ya kwanjula huundwa haraka: kuna mwenyekiti, mweka hazina, daftari la ahadi, na hakuna anayeachwa bila kupigiwa simu. Tanga kwetu michango ya harusi hukusanywa kwa bidii hiyohiyo. Tunajua kumfikisha mtu mahali pake. Basi mtoto wa jirani akianza matibabu ya saratani, aundiwe kamati: mmoja ashike nauli, mmoja akae na wadogo zake, mmoja apalilie shamba, mmoja atunze tarehe za hospitali na kumwamsha mama alfajiri ya safari. Kamati hiyo isivunjwe siku uvimbe unapotoweka usoni. Ivunjwe siku daktari atakapoandika kwamba dozi imekamilika.